Waliopita na Waliokaa: Kasongo na Kabambare Vitabuni

Miji mingi ya bara haikupata kuandikwa hata kwa mstari mmoja kabla ya kuja serikali za kikoloni, lakini Kasongo na Kabambare, pamoja na Nyangwe iliyo ukingoni mwa Lualaba, zimeandikwa kwa lugha nyingi na watu wa kila namna, mhubiri na mfanyabiashara, askari na tabibu, mwanamapinduzi na mwandishi wa magazeti, hata imekuwa msomaji aliyezaliwa katika nchi hii ya Manyema, akitaka kuijua tarikhi ya kwao kwa njia ya karatasi, hana budi kuazima macho ya wageni na kutazama kwayo njia alizozipita tangu utotoni. Mimi nimeyaazima macho hayo kwa muda mrefu, mengine kwa shukrani na mengine kwa uchungu, na katika kuyalinganisha imenithibitikia rai moja ambayo nataka kuieleza hapa: kwamba thamani ya kitabu juu ya nchi hii haipimwi kwa umashuhuri wa mwandishi wala kwa urefu wa safari yake, bali kwa kadiri alivyozuiliwa, akakosa la kufanya, akaketi na kutazama watu wanavyoishi. Aghalabu waliopita mbio waliandika juu ya nafsi zao.

Wa kwanza kwa fadhila miongoni mwa waandishi hao ni David Livingstone, ijapokuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kumtangulia. Alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, tarehe 21 Septemba 1869, akiutafuta mto Lualaba kwa kuwa alidhani ndio asili ya Nili, na wala hakukusudia kukaa. Lakini Julai 1870, baada ya kujaribu kwenda kaskazini na kushindwa, alirudi Kabambare akiwa na wafuasi watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, miguu yake imeliwa na madonda ndugu, akalazwa ndani ya kibanda asiweze kutoka nje muda wa siku 80. Dawa iliyomfaa ilikuwa ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosuguliwa juu ya jiwe jingine pamoja na maji, kisha likapakwa juu ya kidonda kwa unyoya. Humo katika nchi ya Manyema, kwa maelezo yake mwenyewe, aliisoma Biblia yote, tangu mwanzo hata mwisho, mara nne.

Habari hii ya mtu aliyefungwa na miguu yake, akarudia kitabu kimoja mara nne kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumtosha, hunigusa kuliko habari zote za ushujaa wake, maana kila aliyesoma katika mji usio na duka la vitabu anaijua hali hiyo ya kurudi katika kitabu kile kile hata kikawa kinamsoma yeye. Wala haifai kusahau ni nani aliyemhifadhi. Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pwani na Mwislamu, alikuwa amemlisha na kumuuguza kabla ya hapo, na kumpokea tena na tena, ilhali Livingstone aliichukia biashara ya watumwa ambayo watu wa namna ya Muhammad waliishi kwayo. Wawili hao waliketi pamoja katika kijiji kimoja, na kitabu cha mmoja wao kimetufikia. Lau kama Muhammad naye angaliandika daftari la siku zake na mgonjwa huyo, ningalilinunua kwa bei yoyote.

Na faida ya kuketi huko ni hii, kwamba kitabu kilichotolewa London mwaka 1874 na Horace Waller, baada ya mwandishi wake kufa, kina maelezo ya vijiji vya Manyema ambayo sijapata kuyaona kwingine. Anaeleza kwamba njia kuu ya kijiji ilielekezwa mashariki na magharibi, ili jua lipite kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kuikausha haraka ardhi baada ya mvua. Kwamba mbele ya mlango kulikuwa na kibaraza kidogo, na hapo alfajiri watu wa nyumba hukusanyika kuzunguka moto, wakiota na kupumua hewa ya asubuhi huku wakizungumza mambo yao madogo madogo. Mtu apitaye na msafara hawezi kuliona jambo hilo, kwa sababu saa ile ya alfajiri yeye huwa anafunga mizigo. Nilipousoma ukurasa huo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini, nikakaa kitambo bila kuendelea, maana niliwatambua watu wale: moto ule, maneno yale yasiyo na haraka kabla ya kwenda shambani, ni mambo ninayoyajua kwa mwili wangu, nami sikuwa nimetarajia kuyakuta katika kitabu cha Mwingereza aliyekufa zaidi ya miaka 100 kabla sijakifungua. Vivyo hivyo nayapenda maneno yake juu ya mtoto wa sokwe aliyeletwa kwake kuwa zawadi, ambaye alikuwa akinyoosha mkono ili abebwe kama mtoto wa binadamu, na akikataliwa hukunja uso kama mtu aliaye kwa uchungu.

Kutoka Kabambare aliondoka Februari 1871, akafika Nyangwe mwisho wa Machi, na huko tena akazuiliwa, safari hii kwa kukosa mtumbwi wa kuvukia. Karatasi zilimwishia, naye akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la Uingereza, The Standard la Novemba 1869, akipitisha mistari yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mimea ya huku. Wino huo ulififia karibu kutoweka, hata wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki, katika kazi waliyoitoa mwaka 2011, walipozipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya namna namna, wakayafufua maneno, ikadhihirika kwamba yale aliyoyaandika siku ile ile hayalingani kwa kila jambo na yale aliyoyanakili baadaye katika daftari safi, ambayo ndiyo yaliyoingia kitabuni. Tofauti hizo ni nzito, kwa sababu zinahusu mauaji ya tarehe 15 Julai 1871 katika soko la Nyangwe, na mwenendo wa watu waliokuwa katika msafara wake mwenyewe.

Soko lile alikuwa ameliandika kwa mapenzi majuma mengi kabla ya msiba. Lilifanyika kila baada ya siku chache, na wengi wa wauzaji walikuwa wanawake, waliokuja kwa mamia kutoka ng'ambo zote mbili za mto, wakibeba samaki, kuku, vyungu, chumvi, mawese na mihogo, wakipatana bei kwa kelele na vicheko, na mwandishi alipenda kwenda kuketi kati yao. Siku hiyo watu watatu wenye bunduki waliingia sokoni, ukatokea ugomvi juu ya kuku, risasi zikaanza kulia, watu wakaukimbilia mto na kuzama. Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe walikadiria waliopotea kuwa kati ya 330 na 400. Sura hiyo siwezi kuisoma kwa mfululizo, na naona kwamba uzito wake wote unatokana na kurasa zilizotangulia, ambamo wanawake wale walikuwa bado hai, wana bidhaa, wana ulimi na wana bei. Mwandishi ambaye angalifika siku ile ile ya mauaji angalihesabu maiti tu. Huyu aliwafahamu watu kwanza, ndipo akawalilia.

Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe Agosti 1874, akakitoa kitabu chake, Across Africa, mwaka 1877, na kwa insafu yanipasa kukiri kwamba yeye anaitikisa kidogo rai yangu, kwa maana alikuwa mpitaji na hata hivyo aliona. Penye habari za vita na mahongo namruka bila majuto, lakini penye habari za wahunzi wa Manyema namsoma polepole, maana alisimama na kutazama jengo la kuyeyushia chuma lililokuwa ndani ya kijiji, lenye paa kubwa lisilo na kuta, na tanuru la udongo, na mivukuto, na namna chuma kilivyofuliwa hata kikawa bidhaa. Sikupata kufundishwa shuleni kwamba nchi yetu ilikuwa na mafundi wa namna hiyo kabla hakijaletwa chuma cha merikebu. Nimekuja kujua kwa kitabu cha afisa wa bahari, ambaye yamkini aliwaelewa wahunzi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kazi ya mikono na vyombo.

Juu ya Henry Morton Stanley sina maneno mengi. Alikutana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pwani aliyeitawala Kasongo, katika nchi hii mwezi wa Oktoba 1876, akafika Nyangwe tarehe 27, na siku chache tu baadaye akatoka kuufuata mto. Kitabu chake ni kikubwa na ustadi wake wa kusimulia haukanushiki, ila katika sura za Manyema kila mtu amesimama ili Stanley aonekane. Faida yake kwangu ni moja, kwamba anaweza kuwekwa ubavuni mwa Tippu Tip, ambaye aliisimulia kadhia ile ile kwa upande wake. Katika kitabu cha Stanley ujira wa kumsindikiza ni dola 5,000. Katika maneno ya Tippu Tip ni reale 7,000. Stanley anajionyesha kuwa ndiye aliyewashangaza watu. Tippu Tip anasimulia kwamba alipoambiwa habari za bunduki ya yule mgeni, inayotoa risasi nyingi mfululizo, alimjibu kuwa kule Lomami kuna uta mmoja unaorusha mishale 20 kwa pamoja, na kila mshale huua mtu. Na mwishoni, baada ya ahadi nyingi za zawadi, kilichomfikia kutoka Ulaya kilikuwa picha ya Stanley. Nikivisoma vitabu hivi viwili pamoja ndipo wote wawili wanakuwa watu, kila mmoja akiulinda uso wake.

Kitabu kilichonitaabisha kupita vyote ni kile cha tabibu Sidney Langford Hinde, The Fall of the Congo Arabs, kilichotolewa mwaka 1897. Hinde alikuwa katika jeshi la Wabelgiji lililoongozwa na Dhanis, lililoiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule, likimfukuza Sefu, mwana wa Tippu Tip. Hakuna aliyeieleza Kasongo ya wakati ule kwa ukamilifu kama yeye. Anataja askari wa kawaida waliolala juu ya magodoro ya hariri na atilasi, vitanda vya nakshi vyenye vyandarua, vyombo vya fedha na bilauri, mishumaa na sukari, maghala ya mpunga na mahindi, bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe. Na yeye mwenyewe alijichagulia chumba kirefu ambacho mlango wake ulifunguka katika bustani ya michungwa, na mbele yake nchi ikaonekana mbali kwa maili nyingi. Mtu wa Kasongo akisoma orodha hiyo lazima aingiwe na fahari, na mimi iliniingia. Lakini kila kilichotajwa kinaelezwa na mtu aliyekitia mkononi siku ya nyara, na kila kilichotajwa kilikuwa kimenunuliwa kwa pembe zilizobebwa na mabega ya watu ambao Hinde hawataji ila kwa jumla, kama wapagazi, watumwa na walaji wa watu. Juu ya jambo hili la mwisho anaandika kwa pupa inayochukiza, akirudia hikaya za kutisha hata msomaji anashuku kwamba zilitakiwa na wanunuzi wa London. Tena hao aliowasimanga kwa ulaji wa watu ndio waliompigania yeye, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushindi wa Dhanis ilitokana na Gongo Lutete na askari wake, waliomwacha Sefu na kuhamia upande wa Wabelgiji; na mwezi wa Septemba 1893 maofisa wa Wabelgiji hao hao wakamhukumu Gongo Lutete na kumpiga risasi huko Ngandu.

Na juu ya Nyangwe anasema, bila kutua kwenye jambo lenyewe, kwamba mji uliojengwa vizuri, wenye watu kama 30,000 kwa makisio yake, katika muda wa miezi michache ulibaki nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari kando yake. Wale wanawake wa sokoni, waliookoka risasi za mwaka 1871, na binti zao, walikwenda wapi? Hinde alikuwa na wasaa wa kukaa, alikuwa na chumba, alikuwa na bustani. Naye basi ananionyesha kwamba kuketi peke yake hakutoshi, maana aliyeketi katika nyumba aliyoiteka hutazama dari na vyombo, na wenye nyumba wamekwisha kukimbia.

Miongoni mwa vitu vilivyopatikana Kasongo siku hizo zilikuwa daftari za Emin Pasha, yule tabibu wa Kijerumani aliyekuwa liwali wa Ikweta, ambaye aliuawa kijijini kwa Kinena mwezi wa Oktoba 1892. Mtu huyo, mpaka siku zake za mwisho, macho yakiwa yamekaribia kupofuka, aliendelea kuandika habari za ndege na hali ya hewa. Franz Stuhlmann alizichapisha kwa Kijerumani kuanzia mwaka 1916, nami nimezifahamu kwa njia ya wengine waliozinukuu, wala siwezi kuzihukumu.

Vya karne iliyofuata navipitia upesi. Armand Abel alitoa Bruxelles mwaka 1960 kitabu kidogo juu ya Waislamu wa Manyema, na ndani yake mtu anaona jinsi serikali ya Kibelgiji ilivyoogopa tarika ya Kadiria, ikaitafuta siasa katika kila dhikri. Lakini ni faida kubwa kwamba alifika katika majilisi za watu na kuwatambua kuwa wana elimu. Ernesto Che Guevara alikaa miezi saba ya mwaka 1965 katika milima iliyo baina yetu na Ziwa Tanganyika, akaandika habari zake Dar es Salaam akiisha kushindwa, na kitabu kikatoka kwa ukamilifu mwaka 1999. Nilikifungua kwa shauku, kwa sababu Kabambare ilikuwa katika nchi ya vita hivyo, na kwa sababu kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alimfundisha Kiswahili, na jina la vita la Che mwenyewe lilikuwa Tatu. Ukweli wake juu ya makosa ya upande wake mwenyewe nauheshimu sana. Hata hivyo wakulima waliomlisha wapo kwa mbali, kama kundi linalongojewa liwe tayari. Tim Butcher naye alipita kwa pikipiki mwaka 2004, kutoka Kalemie kwa njia ya Kabambare na Kasongo, akiufuata mkondo wa Stanley, na kitabu chake, Blood River, kinaeleza kwa huruma jinsi barabara zilivyomezwa na msitu. Mpitaji mwema, lakini mpitaji, naye alikuwa na sababu ya kuharakisha, kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari.

Nimekiweka nyuma kitabu ambacho kwa haki kingalitangulia, kwa kuwa ndicho pekee kati ya vya zamani kilichotungwa kwa lugha tuisemayo: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, kisha François Bontinck akayafasiri kwa Kifaransa mwaka 1974 kwa maelezo marefu ya chini ya ukurasa, ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko maandiko yenyewe. Furaha ya kukisoma haina mfano. Hakuna mkalimani, hakuna mshangao wa mgeni. Mtu wa pwani anazungumza kama mtu aliyeketi barazani, sentensi fupi, hesabu sahihi, neno la ubishi linajibiwa kwa neno la ubishi. Lakini mzungumzaji huyu, aliyeijua Kasongo kuliko waandishi wote niliowataja, na kuikalia na kuitawala, hatupi hata kibaraza kimoja cha alfajiri. Anakumbuka frasila za pembe, majina ya waliomdai na aliowadai, nani alimheshimu na nani alimvunjia heshima. Mashamba ya mpunga yaliyoilisha nchi, watu walioyalima, lugha hii ilivyoingia midomoni mwa Wakusu, Wazimba na Wabangubangu hata ikawa yao, yote hayo hayana nafasi.

Mahali pamoja tu nasimama kila ninapofika. Ni pale anaposimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetela, kwa mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya wanawake wa ukoo wa kifalme wa nchi ile waliotekwa zamani vitani na kupelekwa Urua. Basi akajitangaza kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao, kwamba mwanamke huyo aliingia katika nyumba ya babu yake, na kwamba amekuja kuwatafuta jamaa zake. Wenyeji wakasadiki, na mzee akamwachia enzi. Wasomaji wengi hucheka hapa, wakaisifu hila. Mimi namfikiria yule mwanamke, ambaye kweli alitekwa, ambaye ndugu zake walikuwa bado wanamkumbuka baada ya miaka yote ile kiasi cha kumpokea mgeni mwenye bunduki kwa ajili ya jina lake tu. Na nawafikiria hao ndugu, ambao watu wa vitabu huwaita wajinga waliodanganyika, na mimi nawaona kuwa watu waliokuwa wakimngoja mtoto wao arudi. Tippu Tip hasemi walilia au walifurahi. Anasema alipewa nchi, na aya zinazofuata ni za pembe.